Jinsi wazazi wanavyoweza kuanzisha shule ya msingi ya umma ya lugha mbili

Mzazi anayetaka mtoto wake asome kwa lugha mbili mara nyingi huambiwa akalipe karo katika shule binafsi, au asubiri mpaka serikali ilifikirie jambo hilo yenyewe. Ipo njia nyingine, na wazazi wa kawaida katika nchi kadhaa wameipita wakafika: kuunda kikundi, kuandaa mpango unaokubalika kisheria, na kuiomba serikali igharamie shule ambayo mtoto yeyote anaweza kuingia bila malipo. Katika kitongoji cha Saint-Lambert, karibu na Montreal nchini Kanada, wazazi waliozungumza Kiingereza waliibana bodi yao ya elimu hadi ikakubali, mwaka 1965, kufungua darasa la awali lililofundishwa kwa Kifaransa, na mfumo ulioanzia hapo ukaenea nchi nzima. Nchini Nyuzilandi, vituo vya kulea watoto wadogo kwa Kimaori vilianza mwaka 1982, shule ya kwanza ya msingi iliyofuata njia hiyo ikafunguliwa mwaka 1985 nje ya mfumo wa serikali, na mwaka 1989 sheria ikazitambua shule za namna hiyo ili zipate fedha za umma.

Ukizichunguza shule zilizodumu utaona kwamba hazikusimamishwa na majengo. Zilisimamishwa na mambo mawili: mgawanyo wa lugha ulioandikwa waziwazi, na walimu wenye uwezo wa kuutekeleza. Kikundi cha wazazi kinachotumia mwaka mzima kutafuta kiwanja na wiki chache kutafuta walimu kimeanza kazi kwa upande usiofaa, na ndiyo maana katika maelezo yanayofuata mambo hayo mawili nimeyapa nafasi kubwa kuliko mengine.

Fahamu kwanza sheria inakuruhusu nini

Kabla ya kuitisha mkutano wowote mkubwa, watu wawili au watatu kati yenu wakae na sheria ya elimu ya nchi yenu na kanuni zake, waisome wenyewe, kisha wamwombe ofisa wa elimu awafafanulie pale pasipoeleweka. Mnachotafuta ni mlango ambao sheria imeuacha wazi, na kwa kawaida mlango huo huwa mmojawapo kati ya mitatu.

Mlango wa kwanza ni shule mpya inayoendeshwa na bodi ya wananchi lakini ikigharamiwa na serikali. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2010 iliwawezesha wazazi na walimu kuomba kufungua shule za namna hiyo, na za kwanza zikafunguliwa mwaka 2011. Miongoni mwa zilizofuata zimo za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza pamoja na Kihispania, Kijerumani au Kifaransa. Nchini Marekani njia inayokaribiana na hiyo ilianzia jimbo la Minnesota mwaka 1991. Mlango wa pili ni kuiomba shule ya umma iliyopo ifungue mkondo wa lugha mbili. Jimbo la California, kwa mfano, limeweka katika sheria kwamba wazazi wa wanafunzi 30 au zaidi katika shule moja, au 20 au zaidi katika darasa la ngazi moja, wakiomba programu ya lugha, shule inawajibika kuitoa kadiri inavyowezekana. Mlango wa tatu ni haki ya kikatiba ya jamii yenye lugha ya wachache. Katiba ya Kanada ya mwaka 1982 inatoa haki hiyo kwa Kiingereza na Kifaransa pale idadi ya watoto inapokuwa ya kutosha, na mwaka 1990 Mahakama ya Juu iliwapa wazazi wa Edmonton ushindi ulioeleza kwamba haki hiyo inaweza kufika hadi kushiriki katika uendeshaji wa shule zenyewe.

Kwa maoni yangu, mlango wa pili unadharauliwa pasipo sababu. Wazazi wengi huvutiwa na fikra ya kuwa na shule yao wenyewe, yenye jina walilolichagua, lakini shule iliyopo ina mwalimu mkuu, mhasibu, vyoo, uwanja na usajili, na mambo hayo huchukua miaka kuyapata. Ikiwa katika eneo lenu kuna shule ambayo idadi ya wanafunzi wake inapungua na madarasa yake yanabaki matupu, nendeni mkazungumze na mwalimu mkuu wake kabla ya kuandika barua yoyote kwa wakubwa, kwa kuwa huenda mnachohitaji ninyi ndicho anachohitaji yeye.

Hesabu watoto, si watu wanaokuunga mkono

Serikali haigharamii wazo zuri. Inagharamia watoto watakaokaa kwenye madawati siku ya kwanza. Kwa hiyo sahihi za watu elfu moja wanaosema kwamba lugha mbili ni jambo jema zina uzito mdogo kuliko fomu 60 zilizojazwa na wazazi wenye watoto wa umri unaohusika. Fomu hiyo iwe fupi: mwezi na mwaka wa kuzaliwa kwa mtoto, eneo anakoishi, lugha zinazozungumzwa nyumbani, na swali moja la mwisho linaloamua kila kitu, yaani kama mzazi ataichagua shule hii kuwa chaguo lake la kwanza ikifunguliwa mwaka uliotajwa. Kati ya mzazi anayesema angependa na mzazi anayesema atamwandikisha mwanawe kuna umbali mkubwa, na mkaguzi wa maombi anaujua umbali huo. Panga majibu kwa mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu watoto 80 waliotapakaa katika miaka minane hawatoshi kuunda hata darasa moja kamili, wakati watoto 50 waliozaliwa ndani ya miaka miwili wanatosha kuanza. Taarifa hizo ni za watoto, kwa hiyo zihifadhiwe na mtu mmoja anayewajibika, zisizungushwe katika makundi ya simu.

Hapo ndipo mtakapokutana na swali ambalo kila ofisa makini ataliuliza: shule hii ni ya nani? Fedha za umma haziwezi kujenga klabu ya familia zinazofahamiana. Ikiwa wote mliojaza fomu mnazungumza lugha ileile nyumbani na mnaishi mtaa uleule wa watu wenye nafasi, mpango wenu una dosari hata kama mioyo yenu ni safi. Nendeni kliniki za watoto, vituo vya kulea watoto, nyumba za ibada za madhehebu mbalimbali na kwa mabalozi wa mitaa, mkawaeleze wazazi ambao hawajawahi kusikia habari za elimu ya lugha mbili, na mfanye hivyo kwa lugha wanayoielewa. Sijali tu sura ya maombi ninaposema hivyo. Shule ya Coral Way ya Miami, iliyoanza mpango wake mwaka 1963 na kuwa mfano kwa shule nyingi za umma za Marekani, ilikusanya watoto wa Kikuba waliozungumza Kihispania na watoto waliozungumza Kiingereza, kila kundi likisoma sehemu ya siku kwa lugha yake na sehemu nyingine kwa lugha ya wenzake. Katika mpangilio kama huo, mtoto wa mhamiaji anakuwa mjuzi wa kitu ambacho jirani yake anakihitaji, na heshima hiyo humjenga kwa namna ambayo somo la ziada la jioni haliwezi.

Mpango wa lugha

Huu ndio moyo wa maombi yenu. Maneno kama «watoto watajifunza lugha zote mbili kwa usawa» hayatoshi, kwa kuwa hayamwambii mwalimu afanye nini Jumanne saa tatu asubuhi. Mpango ueleze, kwa kila darasa kuanzia la awali hadi la mwisho, ni asilimia ngapi ya muda wa masomo itakuwa katika lugha ipi, ni masomo yapi yatafundishwa kwa lugha ipi, mtoto ataanza kusoma na kuandika kwa lugha gani, na lugha ya pili ya maandishi itaingizwa lini.

Mifumo inayotumika sana ni miwili. Katika wa kwanza, muda hugawanywa nusu kwa nusu tangu mwanzo. Katika wa pili, lugha yenye nguvu ndogo katika jamii hupewa takriban asilimia 90 ya muda katika miaka ya mwanzo, kisha sehemu hiyo hupunguzwa taratibu hadi lugha zote mbili zikutane katikati mtoto akiwa madarasa ya juu. Mfumo wa nusu kwa nusu ni rahisi zaidi kuueleza kwa wazazi na kwa serikali, lakini nashauri msiuchague kwa sababu hiyo peke yake. Lugha kubwa ina televisheni, barabara, simu na uwanja wa michezo. Lugha ndogo ina darasa tu. Muda mnaouona kuwa sawa kwenye ratiba haubaki sawa mtoto anapotoka nje ya mlango wa darasa.

Shule za umma za Berlin zinazojulikana kama Shule za Ulaya, zilizoanza mwaka 1992, ni mfano mzuri wa mpango ulioandikwa bila kubahatisha. Kijerumani huunganishwa na lugha nyingine moja, madarasa hulengwa kuwa na nusu ya watoto wa kila lugha, mtoto huanza kusoma na kuandika kwa lugha yake ya kwanza, na masomo hugawanywa, hesabu ikifundishwa kwa Kijerumani na baadhi ya masomo ya maarifa kwa lugha ya pili. Mwalimu mpya anayeingia katika mfumo kama huo hahitaji kuuliza azungumze lugha gani, ratiba imemjibu.

Kugawa kwa masomo si njia pekee. Mnaweza kugawa kwa siku, kwa nusu za siku, au kwa mwalimu, kila mwalimu akishikamana na lugha yake. Kwa watoto wadogo njia hii ya mwisho hufanya kazi vizuri, kwa sababu mtoto wa miaka mitano huihusisha lugha na mtu kabla ya kuihusisha na ratiba. Njia ninayowasihi muiepuke ni ile ya mwalimu kusema sentensi kwa lugha moja na kuirudia papo hapo kwa nyingine, kwani mtoto hugundua mapema kwamba akisubiri kidogo atasikia jambo lilelile kwa lugha anayoielewa, na kuanzia siku hiyo lugha ya pili inakuwa kelele tu.

Waelezeni wazazi mapema, kwa maandishi, kuhusu miaka ya mashaka. Watoto wa Saint-Lambert walikuwa nyuma katika kusoma Kiingereza katika madarasa ya mwanzo, wakawafikia wenzao baada ya masomo ya Kiingereza kuingizwa. Mtafiti Jim Cummins ameonyesha kwamba mtoto huweza kupata lugha ya mazungumzo ndani ya miaka miwili hivi, ilhali lugha ya masomo, ile ya kueleza kwa nini maji huvukiza au kulinganisha sehemu mbili za namba, huchukua miaka 5 hadi 7. Mzazi asiyejua hilo ataingiwa na hofu mwanawe akiwa darasa la pili na kumhamisha, na shule inayopoteza watoto darasa la pili haitakuwa na darasa la sita. Kadhalika, tafuteni kujua mitihani ya taifa hufanywa kwa lugha gani na katika darasa la ngapi, mkaanza hapo kurudi nyuma mkihesabu miaka ambayo lugha hiyo inahitaji kuimarishwa.

Walimu

Upungufu wa walimu ndio unaozisumbua programu za lugha mbili karibu kila mahali, hata Kanada yenye uzoefu wa zaidi ya nusu karne. Mnahitaji mtu mwenye cheti cha ualimu kinachotambuliwa, anayejua kufundisha watoto wa shule ya msingi, na anayeimiliki lugha husika kiasi cha kuifundishia sayansi. Watu wenye sifa mbili kati ya hizo tatu ni wengi. Wenye zote tatu ni wachache, na wengi wao tayari wana ajira.

Anza kuwatafuta kabla hujapeleka maombi. Zungumza na vyuo vya ualimu kuhusu wanafunzi wao wanaozungumza lugha hiyo nyumbani. Tafuta walimu waliohamia kutoka nchi inayotumia lugha hiyo, ambao vyeti vyao havijatambuliwa na ambao pengine wanafanya kazi nyingine kabisa; kumsaidia mmoja wao kupitia taratibu za utambuzi wa cheti ni uwekezaji utakaolipa kwa miaka mingi, na ni kumtendea haki mtu ambaye taaluma yake imelazwa. Coral Way iliendelea kwa kutegemea kwa sehemu kubwa walimu wa Kikuba waliokimbilia Miami.

Katika usaili, msiridhike na mazungumzo. Mpeni mwombaji dakika 20 na kikundi kidogo cha watoto, na mada ambayo amepewa siku iliyotangulia, kwa mfano kwa nini theluthi moja ni kubwa kuliko robo moja ingawa tatu ni ndogo kuliko nne. Mada hii ni ndogo lakini inafichua mengi. Mtu anayejua lugha bila kujua kuifundishia ataeleza kwa maneno mengi, sauti ikipanda kila watoto wanapoonekana kutoelewa. Mwalimu mwenye kipaji atakunja karatasi mbili zinazolingana, moja katika sehemu tatu sawa na nyingine katika sehemu nne sawa, atamwachia mtoto azishike, atasema sentensi fupi, atairudia kwa maneno yaleyale, kisha atamtaka mtoto mwingine aimalizie. Tazameni pia anafanya nini mtoto anapojibu kwa lugha nyingine: je, anamkemea, anahamia lugha hiyo, au anaipokea maana ya jibu na kulirudisha kwa lugha ya somo? Huyu wa tatu ndiye mnayemtafuta.

Mwalimu mkuu aajiriwe mapema iwezekanavyo, miezi kadhaa kabla ya kufungua, ili yeye mwenyewe achague walimu wake na kuusahihisha mpango wenu kwa jicho la mtu wa darasani. Si lazima aimiliki lugha ya pili kikamilifu, lakini ni lazima aiamini, na awe tayari kuulinda muda wake pale mzazi mwenye sauti kubwa au mkaguzi mwenye haraka atakapotaka upunguzwe.

Fedha na uendeshaji

Katika mifumo mingi serikali hutoa ruzuku kwa kila mwanafunzi aliyeandikishwa, na hapo pana hesabu inayoziumiza shule changa. Mkianza na darasa moja la watoto 25 na kuongeza darasa moja kila mwaka, mwaka wa kwanza mtapokea ruzuku ya watoto 25, lakini gharama za mwalimu mkuu, mhasibu, umeme na bima hazigawanyiki kwa sita eti kwa kuwa shule ina darasa moja tu kati ya sita. Andaeni bajeti ya miaka yote hadi shule ijae, na karibu nayo andaeni ya pili inayochukulia kwamba robo ya walioahidi hawakufika. Ikiwa bajeti hiyo ya pili inaiua shule katika mwaka wa pili, ni heri kuanza na madarasa mawili kwa pamoja, au kuanza ndani ya shule iliyopo. Gharama za lugha mbili ziwekwe katika safu yake: vitabu kwa lugha zote mbili, tafsiri ya barua kwa wazazi, na saa ambazo walimu wawili wa darasa moja wanalipwa ili wakae pamoja kupanga wiki. Saa hizo hukatwa kwanza fedha zinapopungua, na zikikatwa mnabaki na shule mbili zinazotumia paa moja.

Kikundi chenu kisajiliwe kwa umbo ambalo sheria inalidai, kiwe na katiba, kumbukumbu za vikao na akaunti yenye watia sahihi wasiopungua wawili. Tafuteni mwanachama anayejua hesabu za fedha, mwingine anayejua sheria, na angalau mmoja aliyewahi kuongoza shule. Mwanzilishi asiiuzie shule huduma wala bidhaa, na asidhani kwamba mtoto wake ana nafasi iliyohifadhiwa, kwa kuwa taratibu za udahili wa shule za umma huhusu watoto wote. Kwa sababu hiyohiyo, msipange kuwafanyia watoto mtihani wa lugha kama sharti la kuingia pale sheria inapokataza kuchagua wanafunzi. Mtoto mwenye ulemavu au anayechelewa kuzungumza naye ana haki ya kupokewa, na wazazi wake wasikatishwe tamaa kwa kuambiwa kwamba lugha mbili zitamlemea.

Kuhusu jengo sina mengi. Majengo ya muda yanakubalika ilimradi yakidhi masharti ya usalama, mwanga na vyoo, na yawe mahali ambapo familia zisizo na gari zinaweza kufika. Kitu pekee ambacho lugha mbili inakidai ni chumba kidogo cha ziada kwa ajili ya vikundi vya watoto wanaohitaji kuimarishwa katika lugha mojawapo.

Miaka ya kwanza ya shule

Baada ya kufungua, wapimeni watoto kwa lugha zote mbili kila mwaka, hata kama serikali inadai moja tu. Bila kipimo cha lugha ndogo, hakuna atakayetambua inaposhuka, na inaposhuka huanza polepole: mkutano wa shule unaendeshwa kwa lugha kubwa kwa sababu mgeni yupo, maktaba inapokea msaada wa vitabu vya lugha moja, mwalimu wa zamu uwanjani anabadilisha lugha ili asikike haraka. Bodi iombe taarifa ya mambo hayo kila muhula kama inavyoomba taarifa ya fedha.

Amueni mapema pia mtafanya nini na watoto wanaohamia katikati. Katika darasa la awali na la kwanza mtoto asiyejua lugha mojawapo atajifunza pamoja na wenzake. Kuanzia darasa la tatu na kuendelea, nafasi zitakazoachwa na wanaohama zitaombwa na watoto ambao hawajawahi kusikia lugha ya pili, na kama sheria inawataka muwapokee, basi muwe na mwalimu, chumba kile kidogo, na ratiba ya angalau mwaka mmoja ya kuwasaidia kila siku, huku wakiendelea na masomo mengine kwa lugha wanayoijua. Wekeni gharama ya mwalimu huyo katika bajeti ya mwaka wa tatu tangu sasa, kabla ya mtoto wa kwanza wa namna hiyo kubisha hodi.